Jengo la Chama cha Wakazi: Namna ya Kuamua Libaki au Liachiwe

Katika miji ya Tanzania yapo majengo yaliyojengwa na wakazi wenyewe kwa michango ya matofali, mifuko ya saruji na siku za kazi za kujitolea, ambayo leo milango yake imefungwa siku nyingi za wiki, bati limeanza kutoboka, na kamati inayoyasimamia haijui ianzie wapi. Swali la kama chama kiendelee na jengo lake mara nyingi huibuka wakati mbaya: paa limevuja katikati ya masika, au mfanyabiashara amefika nyumbani kwa mwenyekiti akiwa na bei mdomoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa kamati iliyo katika hali hiyo, na taratibu zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kumiliki jengo na kuliendesha ni mambo mawili, na chama kinachouza kwa sababu tu kimeshindwa kuendesha kimetumia dawa isiyorudi nyuma kwa ugonjwa ambao ungeweza kupona.

Hatua ya kwanza: jueni jengo ni la nani kwa maandishi

Kabla ya kujadili lolote, tafuteni karatasi. Hatua hii inachosha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa, kwa sababu kila mmoja mtaani anaamini kwamba anajua jengo ni la nani. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachokuwa nacho mtu au chama ni haki ya kuitumia, ambayo mijini huthibitishwa kwa hati ya kumiliki ardhi, aghalabu ya miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo maswali ya kwanza ni haya: hati ipo au haipo, imebakiza miaka mingapi, na jina lililoandikwa juu yake ni la nani.

Hali iliyo salama ni ile ambayo hati imeandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa chama. Usajili wa chama chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, peke yake haukifanyi chama kuwa mtu wa kisheria anayeweza kushika ardhi. Kinachofanya hivyo ni kusajili bodi ya wadhamini RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Kama bodi ilisajiliwa zamani, hakikisheni kwamba wadhamini waliotajwa bado wapo hai, kwamba mabadiliko ya majina yalipelekwa RITA, na kwamba marejesho, yaani taarifa za bodi, yamewasilishwa inavyotakiwa. Bodi ambayo wajumbe wake wawili wamefariki na wa tatu amehamia mkoa mwingine haiwezi kusaini mkataba wa kuuza wala wa kupangisha, hata kama mkutano mkuu mzima umeunyooshea mkono.

Hali ngumu zaidi ni ile ya hati, au barua ya toleo (ile ya kupewa kiwanja kabla ya hati), iliyotolewa kwa jina la mwasisi mmoja. Zamani jambo hili lilionekana dogo, maana mzee aliaminika na chama kilikuwa changa. Mzee akishafariki, kiwanja huweza kuingia katika orodha ya mali za mirathi, na watoto wake, ambao pengine hawakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja, hawana namna ya kujua kwamba baba yao alikuwa ameshika tu kwa niaba ya wengine. Iendeeni familia hiyo mapema na kwa heshima, kabla ya habari za bei kuenea. Nendeni na daftari la michango, picha za ujenzi, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na wazee wanaokumbuka, kisha mwombeni msimamizi wa mirathi ahamishe milki kwa wadhamini. Maelewano yakishindikana, wakili anaweza kuwasaidia kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili kiwanja kisihamishwe wakati shauri linaendelea.

Ipo pia hali ya tatu, nayo hufunga mjadala wote wa kuuza. Kiwanja kinaweza kuwa ni eneo lililotengwa katika ramani ya mipango miji kwa ajili ya huduma za jamii, au eneo la wazi, ambalo chama kiliruhusiwa kujenga kwa kauli tu. Jengo la namna hiyo chama hakina cha kuuza. Kilicho nacho ni matumizi, na kinachopaswa kutafutwa ni makubaliano ya maandishi na halmashauri. Msichanganye hali hii na ile ya chama kumwazima mwenyekiti wa mtaa chumba cha ofisi ndani ya jengo lake. Viongozi wa mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho ikiwa ni tarehe 27 Novemba 2024, na kiongozi mpya akikuta bendera imepepea juu ya paa anaweza kuamini kwa nia njema kabisa kwamba jengo ni la serikali ya mtaa. Ombeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa ili jibu litoke katika daftari la msajili.

Mkiwa huko, someni pia masharti ya matumizi. Hati inayosema makazi haitoi ruhusa ya ukumbi wa sherehe wala ya maduka ya mbele, na kubadili matumizi ni maombi yanayopitia halmashauri. Kuvunja masharti ya hati ni miongoni mwa sababu zinazoweza kufanya milki ibatilishwe.

Hatua ya pili: andikeni kazi ambayo jengo linafanya

Wekeni daftari mlangoni kwa muda wa miezi mitatu na mwandike kila anayeingia kwa shughuli, awe amelipa au hajalipa. Andikeni sherehe za kipaimara na vikao vya harusi, lakini pia kikundi cha VICOBA kinachokutana kila Jumamosi, kliniki ya chanjo, watoto wa chekechea, vijana wanaojifunza cherehani, na usiku ule ambao familia yenye msiba ilichukua viti na sufuria bila kuandikishana. Kamati zinazotegemea kumbukumbu huzikumbuka shughuli zilizolipiwa tu, kwa sababu ndizo zilizoacha stakabadhi, na matokeo yake ni kwamba jengo huonekana tupu kuliko lilivyo.

Upande wa pili wa daftari andikeni waliouliza wakaondoka, na sababu zao. Kama watu kumi wameenda ukumbi wa jirani kwa sababu vyoo ni vibovu au hakuna pa kuegesha magari, hilo ni jambo la kujua kabla ya kusema kwamba zama za kumbi za jamii zimepita.

Kazi moja ya jengo haitaonekana katika daftari lolote, na naomba muipe aya yake katika taarifa yenu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa ndani ya jengo la chama cha TAA (Tanganyika African Association), katika mtaa wa New Street ambao sasa ni Lumumba, Dar es Salaam. Watu wale walikuwa na mlango wao wenyewe wa kufungua. Mtaa wenu pengine hauna jambo kubwa kiasi hicho, lakini siku wakazi watakapotaka kukutana kuhusu barabara, fidia au mwekezaji anayetaka kuwahamisha, itakuwa na maana kubwa kama mahali pa kukutania panahitaji idhini ya mtu mwenye maslahi katika jambo lenyewe.

Hatua ya tatu: pimeni afya ya jengo

Msitegemee jicho la fundi anayetarajia kupewa kazi hiyo hiyo. Mtafuteni mhandisi atazame msingi, nyufa za kuta na nguzo, kisha mkadiriaji majenzi aweke gharama kwa kila kipengele. Gharama ya ukaguzi huo ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kuamua gizani. Mwelekezeni mhandisi kwenye kenchi za paa na mchwa, nyaya za umeme na swichi kuu, karo la maji taka, na mwelekeo wa maji ya mvua yanapotoka darini. Katika majengo ya pwani chumvi ya hewani hula bati na nondo mapema. Kama paa ni la zamani la karatasi ngumu za kijivu, aseme wazi kama ni asbesto, kwa kuwa kuziondoa kunahitaji wataalamu na utaratibu maalumu, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya mafundi na ya majirani.

Ulizeni pia kuhusu mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliwaondoa watu katika makazi yao, na serikali ikawapa wengi viwanja Mabwepande. Jengo lililo bondeni lina hesabu tofauti kabisa na lililo mlimani, hata kama yote mawili yamepakwa rangi mwaka jana.

Hatua ya nne: fanyeni hesabu yote, pamoja na ile isiyopendeza

Hapa ndipo kamati nyingi hujidanganya pasipo kukusudia. Mhazini husoma mapato, akatoa matumizi, akapata salio, na mkutano ukapiga makofi. Kinachokosekana ni fedha ambayo jengo linakula polepole kwa kuchakaa.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa ukumbi wa watu 200 unaokodishwa mara nne kwa mwezi kwa shilingi 250,000. Mapato ya mwaka ni shilingi 12,000,000. Mlinzi anachukua 2,400,000, usafi 1,200,000, umeme na maji 1,500,000, matengenezo madogo 1,800,000, bima 400,000, na kodi ya pango la ardhi pamoja na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, tuziwekee 300,000. Jumla ni 7,600,000, na salio ni 4,400,000. Sasa ongezeni uchakavu: paa la shilingi 18,000,000 linalodumu miaka 20 linadai 900,000 kila mwaka, rangi ya 3,000,000 kila miaka mitano inadai 600,000, nyaya za 10,000,000 kwa miaka 25 zinadai 400,000, vyoo na karo vya 6,000,000 kwa miaka kumi vinadai 600,000, na viti 200 vya shilingi 25,000 vinavyodumu miaka mitano vinadai 1,000,000. Hizo ni 3,500,000, na salio halisi linabaki 900,000.

Salio hilo si aibu, maana chama hakikujengwa kupata faida. Tatizo lipo kama paa lina umri wa miaka 15 na hakuna hata shilingi iliyowekwa kando. Hapo chama kina deni la shilingi 13,500,000 ambalo halijaandikwa mahali popote, na mwaka paa litakapoanguka ndipo litakapodaiwa lote kwa mkupuo. Fedha za ukarabati zinapaswa kuwa na akaunti yake yenye watia saini watatu, na malipo ya ukumbi yapitie lipa namba ya chama badala ya simu ya mtu.

Fanyeni kisha hesabu ya upande wa kuuza kwa uaminifu ule ule, hata kama hampendi matokeo yake. Tuseme kiwanja na jengo vina thamani ya shilingi 300,000,000, na fedha hiyo ikiwekwa katika hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, inaleta, kwa mfano, asilimia 10, yaani 30,000,000 kwa mwaka. Kama wanachama hutumia ukumbi bure mara 30 kwa mwaka, na ukumbi wa nje ni shilingi 600,000, chama kingewakodishia wanachama wake kwa 18,000,000 na kubakiwa na 12,000,000. Katika karatasi, kuuza kumeshinda, na mwanachama atakayesimama mkutanoni na hesabu hii anastahili jibu kamili.

Jibu lenyewe lina sehemu kadhaa. Kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa kwenye faida ya kuuza mali, na gharama za wakili hupunguza zile milioni 300 kabla hazijafika benki. Riba isiyorudishwa kwenye mtaji huufanya mtaji ule ubaki namba ile ile huku bei za vitu zikipanda, wakati kiwanja cha mjini kwa kawaida hupanda pamoja nazo. Ukumbi wa nje hulipiwa kabla na una tarehe zilizojaa, ilhali msiba hauna miadi. Tena fedha taslimu huvuta maombi: mkopo wa dharura, mradi wa kuku, safari ya mafunzo, na hatimaye hoja ya kugawana, hata pale katiba inapokataza. Nimesadiki kwamba jengo bovu ni gumu kuibwa kuliko akaunti iliyonona, na uzito huo nauweka upande wa kubaki. Lakini kama thamani ya kiwanja ni mara nyingi zaidi ya ile ya mfano wetu, na wanachama wengi wameshahama eneo hilo, uzito huo hautoshi, na kamati isione haya kusema hivyo.

Thamani ya kweli aiseme mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016. Bei iliyoletwa na mnunuzi, au na dalali wake, haiwezi kuwa msingi wa hesabu.

Hatua ya tano: tazameni njia zilizo katikati

Kati ya kubaki kama mlivyo na kuuza kuna njia nne zinazostahili kujaribiwa kwanza.

Kupangisha sehemu ni nyepesi kuliko zote: maduka mawili ya mbele, ofisi, au chekechea ya asubuhi, huku ukumbi ukibaki wa chama jioni na mwisho wa wiki. Mkataba uwe wa maandishi, na mjue kwamba mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA.

Kumpa mtu au kikundi uendeshaji wa jengo lote kwa mwaka mmoja au miwili kunafaa pale ambapo jengo ni zima ila kamati imechoka. Wekeni katika mkataba idadi ya siku za wanachama, masharti ya misiba, saa ya kuzima muziki, na nani analipa nini kikiharibika. Kelele ziandikwe waziwazi, maana malalamiko yakifika kwa mamlaka ya mazingira mwenye jengo naye ataulizwa.

Ubia na mwekezaji ndio unaovutia kuliko yote na ndio unaotaka uangalifu mkubwa zaidi. Mwekezaji hujenga ghorofa, chama huchangia kiwanja, na kila upande hupata sehemu yake, jambo linalowezekana kisheria tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Hatari huanza pale mwekezaji anapoomba hati ihamishiwe kwa jina lake ili apate mkopo. Hati ikiwekwa rehani na mradi ukakwama ghorofa ya pili, benki haitajua habari za wakazi waliochangia matofali. Msikubali kuhamisha hati nzima kabla ya jengo kukamilika, mtakeni mwekezaji athibitishe mtaji wake kwa nyaraka, andikeni wapi chama kitakutana katika miaka ya ujenzi, na mlipeni wakili wenu wenyewe, asiwe yule aliyeletwa na mwekezaji.

Kukabidhi jengo kwa halmashauri kwa makubaliano kwamba libaki la jamii ni njia ya heshima kwa chama ambacho wanachama wake wamebaki wachache na wazee. Masharti ya matumizi yaandikwe kabla ya funguo kutoka mkononi.

Hatua ya sita: amueni kwa mikutano miwili

Mkutano wa kwanza uwe wa kupokea taarifa tu: karatasi za umiliki, daftari la matumizi, ripoti ya mhandisi, hesabu na njia zilizopo. Kura isipigwe siku hiyo. Taarifa ibandikwe ubaoni na itumwe kwenye kundi la simu la wanachama, kisha upite walau mwezi mmoja, ili aliyekosa kikao asome, aliyekasirika atulie, na mwenye nyaraka iliyosahaulika kabatini ailete. Katika mwezi huo kamati iwafuate wasiozoea kusema mkutanoni, hasa akina mama wa vikundi, wapangaji na vijana, kwa kuwa mara nyingi wao ndio watumiaji wakubwa na wazungumzaji wadogo.

Someni katiba kuhusu akidi, notisi na kiwango cha kura. Kama katiba iko kimya juu ya kuuza mali, pendekezo langu ni kwamba kuuza kuhitaji theluthi mbili ya waliohudhuria na kura ya siri, lakini kanuni hiyo ipitishwe kwanza kwa utaratibu wa kurekebisha katiba, si siku ile ile ya kura. Mjumbe yeyote ambaye ndugu yake, mwajiri wake au mshirika wake wa biashara anataka kununua au kupanga, alitamke hilo na atoke nje wakati wa kura, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka.

Swali la kura liandikwe kwa ukamilifu. Badala ya kuuliza kama jengo liuzwe, karatasi iseme liuzwe kwa bei isiyopungua kiasi gani, kwa utaratibu upi, na fedha zifanye kazi gani. Vivyo hivyo kwa kubaki: libaki, nani aendeshe, kila mwanachama achangie kiasi gani kwa ajili ya paa, na kufikia tarehe ipi. Kura ya kubaki isiyokuwa na mchango ni kura ya kuahirisha, na jengo litaendelea kuvuja.

Hatua ya saba: tekelezeni na kuweka tarehe ya kurudi

Kama mmeamua kubaki, jipeni miezi 12 yenye vipimo vichache vinavyohesabika: paa limekamilika, akaunti ya ukarabati ina kiasi kilichokubaliwa, siku za matumizi zimeongezeka, hati imehamishiwa kwa wadhamini. Tarehe ya mkutano wa tathmini iandikwe katika muhtasari ule ule wa uamuzi. Mkishindwa vipimo viwili au zaidi, suala la kupangisha au kukabidhi lirudi mezani bila haja ya mtu kuanzisha ugomvi.

Kama mmeamua kuuza, tangazeni zabuni, pokeeni bahasha zilizofungwa, zifungueni mbele ya wanachama, na malipo yaingie benki kwa jina la wadhamini na si kwa mkono wa yeyote. Uhamisho wa milki upitie ofisi ya ardhi, na kodi zilipwe TRA kabla ya mgao wowote wa matumizi. Kabla ya kukabidhi funguo, toeni nje daftari za michango, picha za waasisi na jiwe la uzinduzi, na mkubaliane kwa maandishi nani atavihifadhi na wapi.